Kopo la Bure Lina Siku Tano
Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakunga na wauza dawa, Arusha

Ndugu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi na wakunga, wenzetu wa famasi na maduka ya dawa muhimu, kina mama na kina baba mliofika: habari za asubuhi. Wazee wetu, shikamooni.

Leo tunazungumzia sampuli: makopo ya maziwa ya watoto wachanga ambayo mama hupewa bure. Tuanze na hesabu. Kopo la kawaida la maziwa ya unga ya watoto wachanga lina gramu 400. Likichanganywa kama lebo inavyoelekeza, linatoa takriban lita 3. Mtoto anayeishi kwa maziwa ya kopo peke yake anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 4 anakunywa mililita 600. Lita 3 gawanya kwa mililita 600: siku 5. Mama akipewa kopo moja bure, amepewa chakula cha siku tano kwa mtoto anayetakiwa kulishwa hivyo miezi sita.

Miezi sita hiyo inakula takriban kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Nenda dukani, angalia bei ya kopo moja, zidisha kwa 49. Hilo la hamsini ndilo la zawadi.

Sasa tuangalie siku tano hizo zinafanya nini titini, maana hapo ndipo watu wengi wanapoichukulia sampuli kama jambo dogo. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo. Homoni ya prolaktini inapanda na titi linatengeneza, ile ya oksitosini inaminya vifuko na maziwa yanashuka. Titi likiachwa limejaa, ndani ya maziwa yenyewe kuna kizuizi kinachoziambia seli zipunguze kazi. Ndiyo maana titi moja linaweza kukauka na la pili likaendelea vizuri kwa mama yuleyule, mwenye homoni zilezile za damuni.

Mtoto aliyepewa kikombe cha kopo saa mbili usiku atalala kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu maziwa hayo humeng'enywa polepole. Bibi atafurahi, baba atafurahi, na mama aliyechoka atafurahi kuliko wote. Lakini unyonyeshaji uliorukwa ni wa usiku, na prolaktini hupanda zaidi usiku kuliko mchana. Kesho yake titi limejaa na kuuma, chuchu imebanwa na uvimbe, mtoto hawezi kuishika vizuri, analia, anapewa tena kikombe. Siku ya tano kopo limekwisha na maziwa titini yamepungua kwelikweli. Mama aliyesema wiki iliyopita "maziwa yangu hayatoshi" alikuwa na wasiwasi tu. Akisema leo, anasema ukweli, na kopo la pili analinunua.

Angalieni pia kopo hilo humfikia lini.

La kwanza humkuta ndani ya siku tatu za mwanzo. Katika saa 24 za kwanza dang'a yote haizidi sana mililita 40, na kila anaponyonya anapata kama kijiko kimoja cha chai. Tumbo la mtoto linapokea kiasi hichohicho. Maziwa mengi huja kati ya saa 30 na 72 baada ya kondo kutoka, kwa kuwa ni kutoka kwa kondo kunakoshusha homoni ya projesteroni na kuruhusu utengenezaji uanze kwa nguvu. Aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyebakiwa na kipande cha kondo, anaweza kuchelewa. Mama asiyeelezwa haya hukamua, akaona matone ya njano, akaamini hana kitu.

La pili humkuta siku ya saba, kwenye mizani. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kupungua hadi gramu 300 katika siku za mwanzo na bado akawa salama. Anatakiwa arudishe uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Mkiandika kwenye kadi ya kliniki kilo 2.8 bila kumwambia mama maneno hayo, mmemwandalia mtu mwingine njia ya kumshauri. Mwambieni ahesabu nepi: kuanzia siku ya tano, mikojo sita au zaidi kwa saa 24, mweupe usio na harufu kali. Baadaye apate angalau gramu 500 kwa mwezi. Hivyo ndivyo vipimo. Kulia siyo kipimo, na titi kuwa laini siyo kipimo. Ila aliyepungua zaidi ya asilimia 10, au anayekojoa mara chache, au anayelala tu bila kuamka kunyonya, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

La tatu huja karibu na wiki ya tatu na ya sita, mtoto anapotaka kunyonya kila baada ya nusu saa jioni nzima. Anaongeza oda yake, maana titi halina njia nyingine ya kujua kwamba amekua. Akiachwa anyonye, baada ya siku mbili tatu uzalishaji umepanda na ametulia.

Njia ambazo makopo haya hupitia hutofautiana kwa nchi. Marekani, mjamzito aliyejaza fomu dukani au kwenye programu ya simu huweza kushtukia boksi la maziwa limefika mlangoni kwa posta karibu na tarehe yake ya kujifungua, bila kuliomba. Huko pia hospitali zilizoea kumruhusu mama na begi la zawadi lenye sampuli ndani. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2000 yaliyolinganisha mabegi hayo na mengine yasiyo na maziwa yalionyesha kuwa wenye sampuli walipungukiwa na unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee. Hospitali zote za uzazi za jimbo la Rhode Island ziliacha mabegi hayo mwaka 2011, na za Massachusetts mwaka 2012.

Hapa kwetu kwa kawaida posta haifiki hadi mlango wa nyumba Ngarenaro au Sakina, kwa hiyo ulizeni kopo limepita mikononi mwa nani. Kopo linaweza kupita mkononi mwa mtu wa mauzo aliyevaa koti jeupe, kwenye semina yenye chakula cha mchana, kwenye kundi la WhatsApp la wajawazito ambamo "mshauri wa lishe" anaomba namba ya simu na tarehe ya matazamio, au kwa mzigo wa msaada. Koti jeupe siyo jambo jipya. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni ziliwaajiri wanawake waliovalishwa kama wauguzi wakapita wodini katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mapema zaidi, mwaka 1939, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore akasema wazi kwamba propaganda ya maziwa yasiyofaa inaua watoto. Ilichukua miaka 42, na mgomo wa wanunuzi dhidi ya Nestlé ulioanzia Minneapolis mwaka 1977, ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Maziwa Mbadala, Mei 1981: kura 118 za ndiyo, moja ya hapana ya Marekani, na tatu hazikuegemea upande wowote.

Kanuni hiyo inasema bila mzunguko kuwa mtengenezaji au msambazaji asimpe mjamzito, mama au mtu wa familia yao sampuli, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Watu wa mauzo wasiwatafute kina mama. Mtumishi wa afya haruhusiwi kumpitishia mama sampuli. Hata yeye mwenyewe anaweza kupewa kwa tathmini ya kitaalamu au utafiti wa taasisi tu. Mwaka 1994 mkutano huohuo ulifunga mlango wa maziwa ya bure au ya bei ya chini katika mfumo wote wa afya. Mwaka 2016 ukaweka mwongozo unaogusa pia maziwa ya watoto hadi miezi 36, yale yenye namba 3 kwenye kopo la rangi na nembo ileile ya namba 1. Mnaelewa kwa nini rangi hazibadiliki.

Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzifanyia marekebisho mwaka 2013 chini ya iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yapo TBS, Shirika la Viwango, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Bado kuna watu wanapeleka malalamiko ya maziwa kwenye ofisi ya dawa na kurudishwa. Pelekeni TBS.

Sheria zinasaidia. Mwaka 2004–05 watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee nchini walikuwa asilimia 41. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64. Hata hivyo zaidi ya theluthi moja bado wanapewa kitu kingine, na mara nyingi siyo kopo: ni maji, uji mwepesi, dawa ya chango. Kopo linaingia kirahisi kwenye nyumba ambayo tayari imekubali kwamba titi peke yake halitoshi.

Sasa maji, na hapa Arusha tuna jambo letu. Mteremko wa Meru umejengwa kwa mawe ya volkano, na chemchemi nyingi zinazotoka humo zina floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Wenyeji tunajuana kwa meno. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi hakikuwekwa Ngurdoto kwa bahati. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, kama miligramu 0.01 kwa lita, hata mama akiwa anakunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa kuwa haipiti kirahisi kwenda titini. Maziwa ya kopo hayana kinga hiyo: chochote kilichomo kwenye maji kinaingia kikombeni. Mtoto wa kilo 5 anayechanganyiwa kwa maji yenye miligramu 3 kwa lita anapata takriban miligramu 2 kwa siku. Wa titi hafikii hata miligramu 0.01. Na hiyo ndiyo miaka ambayo gamba la meno ya mbele ya ukubwani linatengenezwa ndani ya ufizi.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki na kukolea zaidi. Kinachoondoa ni chujio la mkaa wa mifupa uliotengenezwa na kubadilishwa kwa wakati, au chanzo kingine cha maji. Kwa anayeishi upande wa Maji ya Chai au Ngurdoto, hili peke yake ni sababu ya kulilinda titi, kabla hatujagusa kuhara.

Kuhara nako kupo. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa iliharibu maji Botswana, nchi ambayo wakati huo iligawa maziwa ya kopo bure kwa watoto wa mama wenye virusi vya Ukimwi. Mlipuko wa kuhara uliwakumba zaidi wasionyonya, na wengi walikufa. Nia ya mpango ule ilikuwa njema. Leo mwongozo wetu ni kwamba mama mwenye VVU anayetumia ARV kila siku amnyonyeshe maziwa yake pekee miezi sita, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili. Utafiti wa Durban wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kuchanganya titi na vitu vingine miezi ya mwanzo ni hatari zaidi kuliko titi pekee. Kwa mama huyu, kopo la bure la "kusaidizia" ni baya kuliko kwa jirani yake.

Mkikuta mama ameshatumia kopo, msimkaripie. Maziwa yanarudi. Kwanza mtazameni akinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho: kidevu kimegusa titi, mdomo umepanuka, mdomo wa chini umebinuka nje, sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini, na mnasikia anameza. Mama akiumia, mtoto atolewe kwa kidole safi pembeni mwa mdomo, awekwe upya. Kisha anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku zikiwemo, matiti yote mawili.

Kopo lisikatwe ghafla. Punguzeni kama mililita 50 katika jumla ya siku, subirini siku chache, pimeni uzito, hesabuni mikojo, ndipo mpunguze tena. Mtoto anayekataa titi kwa sababu halitoki upesi, mfungieni mrija mwembamba wa kulishia, namba 8, kando ya chuchu, upande wa pili uwe ndani ya kikombe chenye maziwa. Akivuta titi anapata yote mawili, na titi linapata taarifa. Kikombe kikiinuliwa yanatoka haraka, kikishushwa yanapungua. Mrija uoshwe mara moja baada ya kutumika, kwani maziwa yakiganda ndani hautasafishika tena. Chupa yenye chuchu ya mpira iwekeni kando: ulimi unajifunza kazi nyingine kabisa, na mikunjo yake haisafishiki vizuri kwa ndoo na sabuni ya kipande.

Wapo watoto wanaohitaji kopo kweli. Aliyefiwa na mama na hana wa kumnyonyesha, mwenye galaktosemia, yaani mwili wake hauwezi kutumia sukari ya maziwa (huyu ni kopo maalumu lisilo na sukari hiyo), au ambaye mama yake anapewa dawa za saratani. Hawa wasihubiriwe, wafundishwe. Unga wa kopo hauuzwi ukiwa umetakaswa. Unaweza kuwa na bakteria wa Cronobacter au Salmonella hata kopo likiwa zima. Kwa hiyo maji yanayochanganywa yawe na joto lisilopungua nyuzi 70. Arusha tuko kama mita 1,400 na maji huchemka karibu nyuzi 95, hilo halina shida. Shida ni chupa ya chai. Maji yaliyowekwa alfajiri, saa saba mchana bado yanachoma mdomo lakini huenda yameshuka chini ya 70. Chemsha, usingoje zaidi ya dakika 30, pima maji kwanza, weka vijiko vya ndani ya kopo vilivyosawazishwa kwa kisu kama lebo inavyotaka, poza kwa kukizungusha chombo kwenye maji baridi, lisha kwa kikombe. Kilichobaki baada ya saa 2 kimwagwe. Anayepunguza vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi anampa mtoto njaa ya kimyakimya na anaweza kumshushia chumvi mwilini hadi akapata degedege. Anayezidisha ili "ashibe" anamkausha maji.

Wanaofanya kazi mashamba ya maua Usa River, viwandani na hotelini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Waajiri wengi hujua 84 na kusahau 2. Mama akamue kwa mkono kila baada ya saa 3. Maziwa yakae kwenye chombo chenye mfuniko, mahali penye kivuli, yatumike ndani ya saa 4, au siku 4 kwenye friji.

Kopo likifika bila kuombwa, lisifunguliwe na lisipewe jirani, maana siku tano ni zilezile. Piga picha mbele, nyuma, na chini penye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Andika siku, mahali, aliyetoa ni nani na alisema nini, na kama alichukua namba ya simu. Peleka kwa afisa lishe wa jiji au halmashauri, na TBS. Kama namba yako ilitolewa kliniki au dukani bila ridhaa yako, hilo ni kosa jingine chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na lina Tume yake. Picha ya kopo juu ya meza, bila siku wala mahali, haimsaidii mkaguzi kitu.

Na ninyi wa maduka ya dawa: kuuza maziwa haya siyo kosa. Makosa ni punguzo, kopo la pili bure, bango, kuyapanga kwenye kioo cha mbele, na kumshauri mama namba ipi "inafaa zaidi". Akija mama wa mtoto wa siku kumi kuulizia kopo, muulizeni mikojo mingapi tangu jana. Ikiwa sita au zaidi, mpeni namba ya mhudumu wa mtaa wake. Ikiwa pungufu, kituo cha afya cha Kaloleni na cha Levolosi vipo wazi, aende na mtoto sasa hivi.